Uso, jua na sarafu ya senti 10: kwa nini tunamsaidia huyu na kumpita yule

Miaka ya 1970, katika uwanja wa ndege nchini Marekani, msafiri anaingia kwenye kibanda cha simu na kukuta karatasi zilizoachwa. Ni fomu ya kuomba nafasi ya masomo ya juu ya chuo kikuu. Imejazwa yote, picha ya mwombaji imebandikwa, na bahasha yenye anwani na stempu iko hapo hapo. Kilichobaki ni kuitia kwenye sanduku la posta. Hakuna anayemtazama msafiri huyu. Mwombaji hamjui na hatakutana naye maishani. Je, ataituma?

Fomu ile haikusahauliwa na mtu. Iliwekwa pale makusudi na watafiti watatu, Peter Benson, Stuart Karabenick na Richard Lerner, ambao walichapisha matokeo yao mwaka 1976. Zaidi ya watu 600 walikuta fomu kama hizo bila kujua kwamba wanapimwa. Kilichobadilishwa ni picha: mwanamume au mwanamke, mweusi au mweupe, mwenye sura ya kupendeza au sura isiyovutia. Fomu zenye sura nzuri zilitumwa karibu nusu ya mara zilizookotwa. Zile zenye sura isiyovutia zilitumwa zaidi kidogo ya theluthi moja tu. Mweupe naye alisaidiwa kuliko mweusi.

Tofauti hiyo si kubwa ya kutisha, lakini kuna jambo ndani yake ambalo limenikaa kichwani tangu nilipolisoma. Kwa kawaida tunaeleza upesi kwa nini mwenye sura nzuri husaidiwa: aliyemsaidia anatarajia kitu, hata kama ni tabasamu tu. Katika kibanda kile hapakuwa na cha kutarajia. Mtu aliitazama picha, akaitupia bahasha jicho, akaamua. Kwa hiyo uso ule ulifanya kazi yake ndani ya moyo wa aliyeokota, na haukumwahidi malipo yoyote. Ulifanya kazi gani hasa?

Mtu aliyenisaidia kuelewa swali hilo ni Michael Cunningham, mwanasaikolojia wa jamii aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Louisville, jimbo la Kentucky. Wengi walichunguza ama uzuri, ama hali ya moyo, ama utoaji wa msaada. Yeye alishughulika na vyote vitatu. Ukizisoma kazi zake kwa kufuatana, utaona kwamba neno "kusaidia" linaficha vitendo viwili tofauti vinavyofanana kwa nje tu.

Sarafu iliyobaki kwenye simu

Tuanze na hali ya moyo. Simaanishi furaha kubwa wala huzuni ya msiba. Namaanisha ule wepesi au uzito ambao mtu hutembea nao mchana kutwa bila kuutafutia jina.

Mwaka 1972 Alice Isen na Paula Levin walichapisha majaribio mawili yanayotajwa hadi leo. La kwanza lilifanyika maktaba. Wanafunzi waliokuwa wakisoma walipewa biskuti na mtu wasiyemjua, wengine hawakupewa. Baadaye akaja mtu mwingine, asiyeonekana kuhusika na biskuti, akawaomba wajitolee katika utafiti. Baadhi waliambiwa kazi yao itakuwa kumsaidia mtu mwingine, baadhi waliambiwa itakuwa kumsumbua. Waliokula biskuti walikubali zaidi kusaidia, ila hawakukubali zaidi kusumbua. Kipengele hiki husahaulika watu wanaposimulia jaribio, nami nakiona ndicho chenye thamani kuliko vyote. Kama biskuti ingekuwa imewachangamsha tu, wangekubali lolote. Wao walikubali jema na kukataa baya.

Jaribio la pili ndilo lililopata umaarufu. Watafiti waliacha sarafu ya senti 10 kwenye kisahani cha kurudishia chenji katika simu za umma. Mtu aliyemaliza kupiga simu aliikuta, akaitia mfukoni, akatoka. Hatua chache mbele, mwanamke mmoja akaangusha karatasi zake zikatawanyika chini. Kati ya watu 16 waliookota sarafu, 14 waliinama kumsaidia. Kati ya 25 ambao hawakukuta kitu, aliyeinama ni mmoja tu.

Tarakimu hizo zinapendeza mno, na msomaji makini huwa na wasiwasi na tarakimu zinazopendeza mno. Watu 41 ni wachache. Waliojaribu kulirudia jaribio hawakubahatika: Blevins na Murphy mwaka 1974 hawakuona tofauti, na Weyant na Clark mwaka 1977 nao wakatoka mikono mitupu. Hilo halikuua hoja nzima. Mwaka 1988 Michael Carlson na wenzake walizikusanya tafiti nyingi za aina hii wakazipima kwa pamoja, na mwelekeo ukabaki ule ule: moyo mkunjufu huongeza msaada. Ninachokataa ni kuichukua 14 kwa 16 kana kwamba ni kipimo cha binadamu. Ni kipimo cha mchana mmoja wenye bahati.

Isen mwenyewe hakuishia kwenye sarafu. Mwaka 1976, yeye na wenzake waliwapelekea watu majumbani zawadi ndogo ya karatasi za kuandikia barua, kisha wakawapigia simu baada ya muda tofauti tofauti. Anayepiga alijifanya amekosea namba na kuishiwa sarafu, akamwomba aliyepokea ampigie mtu mwingine simu kwa niaba yake. Waliopigiwa dakika chache baada ya kupokea zawadi walisaidia kwa wingi. Zikifika dakika 20 hivi, walikuwa wamerudi kuwa sawa na wasiopewa chochote. Wema ule ulikuwa na muda wake wa kuisha, na muda huo haukutosha hata kupika sufuria ya maharage.

Miaka miwili baadaye, Isen na Stanley Simmonds waligundua jambo lililotia doa picha nzima. Walipowaomba waliookota sarafu wafanye kazi ambayo ingewaharibia raha yao, yaani kusoma maneno ya kuhuzunisha, watu hao walikubali kidogo kuliko wasiookota. Mwenye moyo mkunjufu alikuwa mwepesi wa kusaidia pale msaada usipomgusa vibaya. Ulipotishia kumtia kiza, aliilinda raha yake.

Jua

Hapo ndipo Cunningham alipoingia, mwaka 1979, akiwa na swali lisilohitaji biskuti wala sarafu. Kama zawadi ndogo inatosha kumlainisha mtu, je, anga lenyewe haliwezi?

Utafiti wake wa kwanza ulifanyika nje. Wapita njia waliombwa kujibu maswali ya mtafiti, na utayari wao ukalinganishwa na hali ya hewa ya siku ile. Kiasi cha mwanga wa jua kilichofika ardhini kilitabiri vizuri nani angekubali. Joto, unyevu, upepo, hata awamu za mwezi, vilihusiana pia, ila kwa nguvu ndogo.

Ungeweza kumpinga mara moja: siku ya jua ni rahisi kusimama barabarani. Asiyetetemeka kwa baridi ana nafasi ya kumsikiliza mtu. Cunningham aliliona pingamizi hilo, akahamia ndani. Katika mgahawa wenye hewa inayodhibitiwa, ambako kila mteja hukaa katika joto lile lile, alifuatilia bahashishi walizoachiwa wahudumu. Hata huko, siku za jua wateja walitoa zaidi.

Nampongeza kwa kuhama, lakini pingamizi halikuisha. Huenda jua lilimchangamsha mhudumu, naye akawahudumia wateja kwa bashasha zaidi, wakalipa bashasha na siyo anga. Utafiti wa aina hii humkuta mtafiti akiufuata ulimwengu unavyokwenda. Hawezi kuliwasha jua Jumatatu na kulizima Jumanne, kwa hiyo hawezi kutenganisha kila kitu. Mwaka 1996 Bruce Rind alitafuta upenyo. Katika hoteli moja ya Atlantic City, wageni waliokaa vyumba visivyoonyesha nje waliambiwa na mhudumu aliyewaletea chakula hali ya hewa ilivyo. Walioambiwa kuna hewa nzuri walitoa bahashishi kubwa zaidi. Jua lilifanya kazi hata kwa kusimuliwa.

Kisha ikaja habari ya kupoza. Mwaka 2012 Sean Flynn na Adam Greenberg walichukua kumbukumbu za malipo za karibu miaka miwili kutoka mgahawa mmoja wenye wateja wengi, wakazilinganisha na mwanga wa jua. Hawakuona uhusiano wa kuaminika. Na utafiti wa Jaap Denissen na wenzake wa mwaka 2008, ambao ulifuatilia shajara za kila siku za zaidi ya watu 1,200 nchini Ujerumani, ulionyesha kwamba hali ya hewa hugusa hali ya moyo ya mtu wa kawaida kidogo sana.

Kwa maoni yangu, utafiti wa jua wa 1979 haupaswi kutajwa tena kama ukweli uliokamilika. Ulifungua mlango mzuri na ukampa Cunningham swali lenye uzito zaidi: huo moyo mkunjufu unamsukuma mtu kwa njia gani?

Kutaka na kupaswa

Kulikuwa na jambo lililokataa kukaa sawa. Watafiti walijua kwamba mwenye furaha husaidia zaidi. Walijua pia kwamba mwenye hatia moyoni husaidia zaidi: mfanye mtu aamini kwamba amemharibia mwingine kitu, naye atakubali ombi linalofuata, hata la mtu asiyehusika. Iweje hali mbili zilizo kinyume zizae tunda moja?

Mwanasaikolojia Robert Cialdini alikuwa na jibu lake. Kwake, mwenye huzuni au hatia husaidia ili ajitibu, kwa kuwa kutenda wema humrudishia mtu raha. Mwaka 1984 yeye na wenzake walilijaribu hilo kwa ustadi. Waliwapa watu kidonge cha bandia wakawaambia kwamba kitaigandisha hali yao ya moyo ibaki kama ilivyo kwa muda. Wenye huzuni walioamini kwamba hakuna kitakachoiondoa huzuni yao hawakusaidia zaidi ya wengine. Kama dawa haitaponya, hawana sababu ya kuinywa.

Cunningham alishika njia nyingine. Mwaka 1980, pamoja na Jeff Steinberg na Rita Grev, aliuliza itakuwaje mtu mmoja akipewa vyote viwili, furaha na hatia. Kama furaha inaongeza msaada na hatia inaongeza msaada, basi vikichanganywa vingepaswa kuongeza maradufu. Wapita njia wengine walikuta sarafu kwenye simu. Wengine walifanywa waamini kwamba wameharibu kamera ya mtu. Wengine walipata yote mawili, na wengine hawakupata lolote. Baadaye mtu aliangusha karatasi mbele yao.

Sarafu peke yake iliongeza msaada, na hatia peke yake ikauongeza. Vyote viwili kwa pamoja vilifutana.

Soma sentensi hiyo tena, kwa sababu yote yanayofuata yameegemea hapo. Kama kusaidia kungekuwa kisima kimoja chenye ndoo nyingi, ndoo mbili zingeteka maji zaidi ya moja. Kufutana kunaonyesha kwamba ni visima viwili. Sarafu iliipunguza hatia, na hatia ikaiharibu raha ya sarafu, mtu akabaki katikati akiwa hana msukumo wowote.

Katika jaribio la pili la makala hiyo hiyo, watu waliombwa kuchangia hisani ya watoto kwa maneno ya aina mbili. Ombi moja liliwavuta wachangie ili watoto waendelee kutabasamu. La pili liliwaambia kwamba wanawiwa na watoto hao. Wenye moyo mkunjufu waliitikia ombi la tabasamu. Wenye hatia waliitikia ombi la deni. Anayetaka hakusogezwa na deni, na anayehisi kupaswa hakusogezwa na tabasamu.

Kiswahili kinatusaidia hapa, maana "nataka kukusaidia" na "napaswa kukusaidia" ni maneno mawili ambayo hakuna mtu angeyachanganya. Wa kwanza anaangalia mbele, kwenye kitu kizuri kitakachotokea. Wa pili anaangalia nyuma, kwenye kitu kilichobaki bila kulipwa. Wa kwanza anaweza kuacha wakati wowote asihisi lolote. Wa pili akiacha, jambo linamfuata hadi nyumbani.

Uso

Mwaka 1986 Cunningham aliugeukia uso, tena kwa rula. Alikusanya picha za wanawake 50 kutoka nchi mbalimbali, wakiwemo washiriki wa mashindano ya Miss Universe, akapima kwa makini vipengele 24 vya kila uso. Halafu wanaume wakazipa picha hizo alama za uzuri. Vipengele vilivyoambatana na alama za juu vilijigawa katika makundi ambayo ukiyatazama yanapingana.

Kundi la kwanza ni vya kitoto: macho makubwa, pua ndogo, kidevu kidogo. Konrad Lorenz, mtafiti wa tabia za wanyama, alikwishaeleza mwaka 1943 kwamba umbo kama hilo huamsha kwa mtu mzima hamu ya kulea na kulinda. Kundi la pili ni vya utu uzima: mifupa ya mashavu iliyojitokeza na mashavu membamba. Hivi huzungumza na tamaa, na mlezi hana habari navyo. Kundi la tatu ni vya mawasiliano: nyusi zilizo juu, mboni pana, tabasamu kubwa. Hivi husema, "karibu, hutakataliwa."

Kwa hiyo tunaposema "mzuri" tunataja mambo kadhaa kwa neno moja. Sehemu ya uso inaomba kulindwa, sehemu inatamanisha, sehemu inakaribisha. Utafiti wa pili katika kazi hiyo uliwauliza wanaume wangekuwa tayari kumfanyia nani mambo ya kujitoa, kuanzia msaada wa kawaida hadi ule wa kuhatarisha maisha. Vipengele vya uso vilitabiri pia majibu hayo. Lazima niseme wazi kwamba huo ulikuwa utayari wa kwenye karatasi, na karatasi haichomi mtu kama nyumba inayoungua.

Je, hayo ni macho ya Wamarekani tu? Mwaka 1995 Cunningham na wenzake walilinganisha alama zilizotolewa na wanafunzi kutoka Asia na Amerika ya Kilatini waliokuwa wamefika Marekani karibuni, na zile za Wamarekani weupe. Alama zililingana kwa wastani wa 0.93, ambapo 1 ni kulingana kabisa. Wamarekani weusi na weupe nao walikubaliana kuhusu nyuso za wanawake weusi. Walipotofautiana ni kuhusu maumbo ya miili. Hapo kila kundi lilikuwa na jicho lake.

Turudi kibandani. Aliyeokota fomu alipata nini kutoka kwenye ile picha? Jibu la kwanza ni dhana. Karen Dion, Ellen Berscheid na Elaine Walster walionyesha mwaka 1972 kwamba watu wakipewa picha humdhania mwenye sura nzuri kuwa na tabia njema na maisha bora. Methali ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, inatuonya tusifanye hivyo, na kuonywa kwenyewe ni ushahidi kwamba tunafanya. Mwaka 1992 Alan Feingold alizipitia tafiti nyingi na kukuta kwamba wenye sura nzuri hawana tofauti ya maana na wengine kwa akili wala kwa sehemu kubwa ya tabia. Tofauti zilizojitokeza zilikuwa za kijamii: hawana upweke sana, na wana wepesi wa kuzungumza na watu.

Wepesi huo unatoka wapi? Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika uwanja huu linatoa mwanga. Mwaka 1977 Mark Snyder, Elizabeth Tanke na Ellen Berscheid waliwaunganisha kwa simu wanaume na wanawake wasiojuana. Kila mwanamume alipewa picha, akaambiwa ndiyo ya anayezungumza naye. Haikuwa ya kweli, na mwanamke hakujua kuhusu picha yoyote. Wasikilizaji wengine walisikilizishwa sauti za wanawake peke yake. Wale waliodhaniwa kuwa warembo walisikika wachangamfu zaidi, wakarimu wa maneno zaidi. Hakuna aliyewabadilisha ila mtu wa upande wa pili, aliyewasemesha kwa upole kwa sababu ya picha isiyo yao. Mtu tunayesema "ana nyota" huenda amewashiwa nyota hiyo kila siku na sauti za wanaomsemesha. Na yule aliyesemeshwa kwa ukavu tangu utotoni, tunamwona mzito, tunasema ndivyo alivyozaliwa.

Jibu la pili ni hali ya moyo yenyewe. Hapa natoa maoni yangu, nikiunganisha ncha mbili za kazi ya Cunningham. Uso mzuri kwa anayeutazama ni kama sarafu kwenye simu. Ni kitu kidogo kizuri alichokikuta bila kukitafuta, kikamkunjua moyo kwa dakika chache, na ndani ya dakika hizo kulikuwa na bahasha ya kutuma. Kama ni hivyo, msaada anaoupata mwenye sura nzuri huteka katika kisima cha kutaka. Una joto, unakuja haraka, na una muda wake wa kuisha.

Kuna matokeo yanayoafikiana na hilo. Mwaka 2006 Craig Landry, Andreas Lange, John List na wenzao walichapisha jaribio la kuchangisha fedha nyumba kwa nyumba katika jimbo la North Carolina. Sura ya mwanamke aliyebisha hodi iliongeza michango kwa kiwango kinachokaribia kile cha kuwapa watu nafasi ya kushinda bahati nasibu, hasa mlango ulipofunguliwa na mwanamume. Baadaye watafiti hao waliwarudia watu waliowahi kutoa. Wale ambao mwanzoni walivutwa na utaratibu wa mchango wenyewe waliendelea kutoa zaidi kuliko wale waliovutwa na mambo mengine. Uso uliowafanya wafungue pochi mara ya kwanza haukuwa sababu ya kuifungua mara ya pili.

Mwenye sura nzuri naye hafaidi kila upande. Arie Nadler na wenzake walionyesha mwaka 1982 kwamba wanaume walisita kumwomba msaada mwanamke mwenye sura nzuri. Kuomba ni kukiri upungufu, na hakuna anayependa kuukiri mbele ya mtu anayetaka kumpendeza.

Wanaonisumbua mimi ni wengine. Fikiria mtu anayehitaji msaada kweli kweli: amechoka, ana majeraha, amelia, hajaoga, hatabasamu. Kila kinachoonyesha shida yake kinaondoa alama moja kwenye orodha ya Cunningham ya 1986. Mboni haikaribishi, nyusi zimeshuka, mashavu yamebadilika. Kumsogelea kutaharibu raha ya siku, na Isen na Simmonds walikwishaonyesha mwenye raha hufanya nini akitishiwa hivyo. Kisima cha kutaka kimekauka upande wake kabla hajafungua mdomo. Kilichobaki ni kile kingine, na hicho huitikia lugha ya deni.

Ndiyo maana ningependa kuona jaribio la kibandani likifanywa na bahasha ya aina ya tatu. Uso uwe ule ule usiovutia, stempu ile ile, ila juu ya fomu pawe na mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono: "Wewe ndiye wa mwisho kuiona kabla muda wa kuomba haujafungwa." Kisha zihesabiwe zitakazofika posta.